Nusu ya Kuonana: Barua Pepe na Deni la Skuli

Wahenga wa pwani walisema kuwa waraka ni nusu ya kuonana. Hawakusema kuwa ni robo, wala hawakusema kuwa ni badala ya kuonana. Walipima, wakaona kuwa mtu aliye mbali, akiandika akafahamika, huwa amekwisha kuvuka nusu ya bahari. Nusu iliyobaki humaliziwa na jibu. Methali hiyo husomeshwa skuli, hufafanuliwa ubaoni, huulizwa katika mitihani, na watahiniwa huipatia alama. Kisha mtahiniwa huyo huyo hutoka nje ya lango la skuli, akashika simu yake, akataka kumwandikia mwalimu wa chuo, afisa wa wizara au mnunuzi wa mwani aliye ng'ambo, na nusu hiyo ya kuonana ikamshinda.

Hoja ni nyepesi kuieleza, ijapokuwa wengi huona uzito kuikubali. Skuli za Visiwani, na za Tanzania kwa jumla, zina deni kwa vijana wao: hazijawafundisha kuandika barua pepe iliyo wazi na yenye mpango. Deni hilo si la somo la kompyuta, wala halilipwi kwa kununua kompyuta. Ni deni la somo la Kiswahili.

Msomaji wa kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, hukutana na kisa ambacho kingepaswa kubandikwa katika kila chumba cha walimu. Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri ya Mtoni. Katika nyumba hiyo watoto wa kike walifundishwa kusoma, lakini kuandika hawakufundishwa. Binti huyo alijifundisha kwa siri, akiiga herufi za msahafu na kuziandika juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa siku zile. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipotaka kumpindua Majid, barua za upande wa Barghash ziliandikwa kwa mkono wa Salme, naye umri wake hata miaka kumi na sita haujatimia. Njama ilishindwa, na kalamu ikamtia matatani. Lakini hapana aliyeweza kubisha kwamba kalamu hiyo ndiyo iliyomtoa katika kundi la wanaoambiwa na kumtia katika kundi la wanaosema.

Waliozuia mabinti wasiandike hawakuwa wajinga. Walijua wanachokifanya. Anayesoma tu hupokea, anayeandika hupeleka. Anayesoma tu huijua amri. Anayeandika huweza kuuliza sababu yake, kudai haki yake, kukataa bila ya kupiga kelele, na kuacha ushahidi wa yote hayo. Leo hakuna aliyeweka marufuku hiyo, na wasichana na wavulana hukaa darasa moja. Walakin matokeo yanakaribia kuwa yale yale. Kijana anasoma mchana kutwa katika simu yake, anapokea matangazo, maagizo na porojo. Na siku anapotaka yeye kupeleka neno lenye manufaa kwa mtu asiyemjua, hana chombo.

Hapana anayesema kuwa skuli hazifundishi barua. Zinafundisha, na hapo ndipo penye tatizo. Mwanafunzi hukaririshwa mahali pa anwani ya mwandikaji na mahali pa anwani ya mwandikiwa, mahali pa tarehe, mahali pa "Yah", na mahali pa "Wako mtiifu". Msahihishaji hupita na kalamu nyekundu akitoa alama kwa kila kipande kilichokaa pahala pake. Kilichomo baina ya "Yah" na "Wako mtiifu" hakimshughulishi sana, kwa sababu barua hiyo haikuandikwa ili imfikie mtu; iliandikwa ili isahihishwe. Ni mfano wa mchoro wa jahazi: una tanga, una mlingoti, una usukani, lakini haujapata kuelea. Vitabu vya skuli viliendelea kufundisha simu ya maandishi muda mrefu baada ya watu kuacha kupeleka simu hizo, ilhali barua pepe, inayoandikwa kila siku ya Mungu, iliachiwa kila mtu ajifunze mwenyewe kwa kubahatisha.

Matunda ya kubahatisha ni haya. Barua ifuatayo imetungwa kwa mfano, lakini hapana mwalimu wa chuo atakayedai kuwa hajapata kuipokea:

"Habari mwalimu. Pole na majukumu. Samahani sana kwa usumbufu. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili. Naomba unisaidie kuhusu lile suala langu la matokeo kwani mpaka sasa bado. Nitashukuru kama utalifanyia kazi. Asante."

Na hapo juu, pahala pa kichwa cha habari, pako patupu.

Inafaa barua hiyo isichekwe, bali isomwe. Mwandishi wake ana adabu: amesalimu, amepa pole, ameomba radhi, ameshukuru mara mbili. Ana haja ya kweli, pengine haja itakayoamua kama ataendelea na masomo au atarudi nyumbani. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi mia tatu ameachiwa kazi ya upelelezi. Nani huyu? Somo lipi? Matokeo ya mtihani au ya kazi ya darasani? "Bado" nini: hayakutoka, hayakuonekana, au yametoka na si sahihi? Anaombwa afanye nini, na kabla ya siku gani? Ili apate majibu, mwalimu itamlazimu aandike barua ya kuuliza, angoje, asome barua ya pili ambayo yumkini nayo itakuwa na "lile suala". Aghalabu haandiki. Huiacha mpaka atakapopata nafasi, na nafasi haiji. Mwanafunzi naye hulalamika kuwa amedharauliwa. Hakudharauliwa, hakufahamika.

Na hilo fungu la "husika na kichwa cha habari hapo juu" linastahili hukumu yake peke yake. Ni fungu linalopatikana katika maelfu ya barua za afisini, na halina kazi yoyote. Kichwa kikiwapo, msomaji amekwisha kukiona, haagizwi kukitazama tena. Kisipokuwapo, anaagizwa atazame ukuta mtupu. Kama kuna kielelezo kimoja cha barua iliyofundishwa kwa kukariri, basi ni hicho: maneno yaliyorithiwa bila ya maana yake, mfano wa mtu aliyerithi ufunguo wa nyumba iliyokwisha kuvunjwa.

Wapinzani wa hoja hii ni wa aina nne, na kila mmoja anastahili jibu lake.

Wa kwanza ni yule mpenzi wa fasihi anayesema kuwa barua pepe ni kitu cha wageni na cha kupita, na kwamba darasa la Kiswahili limewekwa kwa ajili ya tenzi na riwaya. Huyo anasahau nasaba ya lugha yake mwenyewe. Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa yaliyosalia, ya mwanzo si mashairi: ni barua. Ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, na zikahifadhiwa Goa, nchini India, katika nyaraka za Wareno. Mwaka 1892, mjini Berlin, Büttner alichapisha mkusanyo wa maandishi ya Waswahili ya herufi hizo hizo, na barua zimo tele ndani yake. Mwana Kupona alipoutunga utendi wake mwaka 1858 alimwita binti yake, akamtaka akae na wino na karatasi. Yaani wosia ule mkubwa ulijua tangu mwanzo unasemwa na nani na kuambiwa nani. Shaaban Robert aliandikiana na ndugu yake Yusuf Ulenge kwa miaka mingi, na barua hizo, za tangu 1931 hadi 1958, zilihaririwa na Mulokozi na kutolewa kitabu mwaka 2002. Hapana anayesema kuwa kitabu hicho si fasihi.

Tena, barua ya kale ya pwani ilikuwa na mpango ambao hakuna kitabu cha kigeni kilichowazidi wenyewe kwa kuufundisha. Ilianza kwa kumtaja mwandikiwa kwa jina na cheo chake, ikafuata salamu na dua, kisha likaja neno moja lenye kazi kubwa: "wa baadu". Neno hilo lilikuwa mlango. Kabla yake ni adabu. Baada yake ni haja. Msomaji mwenye haraka alijua pa kutupia jicho. Baada ya haja zikaja salamu za kufungia, jina la mwandikaji na tarehe. Barua pepe haikubuni kitu kipya juu ya hayo. Ray Tomlinson alipopeleka ujumbe wa mwanzo baina ya kompyuta mbili zilizounganishwa kwa mtandao, mwaka 1971, na kuchagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashine yake, alichokifanya ni kuandika anwani. Na kanuni za barua pepe zilipopangwa mwaka 1982, sehemu zilizotajwa zilikuwa zile zile za waraka wa karani: imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, tarehe, mada, na nakala kwa nani. Hata hilo neno la nakala limetokana na karatasi ya kaboni iliyokuwa ikiwekwa chini ya karatasi ya taipu. Basi anayesema kuwa barua pepe si barua, na aeleze ni sehemu gani ya barua iliyokosekana.

Mpinzani wa pili anakubali ifundishwe, ila anataka ifundishwe kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mabwana wa kazi. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilikwisha kuamua kuwa hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Basi, anasema, na barua ifuate. Kosa lake ni kudhani kuwa mpango wa fikra ni mali ya lugha fulani. Kijana asiyeweza kusema kwa lugha anayootea ndoto kwamba anataka kitu gani, kwa nani, kwa sababu ipi na kabla ya siku ipi, hataweza kusema hayo kwa lugha anayoikopa. Atakariri vifungu vya kufungulia na vya kufungia, na katikati ataweka "lile suala langu" kwa Kiingereza. Aliyejifunza kupanga kwa Kiswahili huhamisha mpango wake katika lugha yoyote atakayojifunza baadaye. Aliyekariri hana cha kuhamisha. Zaidi ya hayo, afisi za Serikali ya Mapinduzi hufanya kazi zao kwa Kiswahili, na mzee, sheha, mkutubi na mwenyekiti wa ushirika huandikiwa kwa Kiswahili. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Lugha ya kazi ni ile inayofanya kazi. Kuishangilia kila Julai kwa hotuba na ngoma, na kisha kuwaambia wanafunzi kuwa haifai kuombea nafasi ya masomo, ni kuivisha joho na kuinyima kalamu.

Mpinzani wa tatu ndiye mwenye hoja nzito, kwa kuwa anasema kwa jina la adabu. Anasema kuwa ufupi ni ukavu. Kuwa mtu wa pwani hamvamii mwenzake kwa haja kabla ya kumjulia hali. Kuwa barua inayokwenda moja kwa moja kwenye jambo ni barua ya mtoza kodi. Ana haki katika nusu ya maneno yake. Mtu haingii nyumba ya mtu bila ya hodi. Lakini hodi ni tatu. Aliyebisha hodi na kuitikiwa, kisha akabaki mlangoni anabisha mpaka Magharibi, huyo si mwenye adabu, na mwenye nyumba ana haki ya kumwona msumbufu. Salamu moja iliyo kamili, jina la heshima linalomstahiki mwandikiwa, iwe ni Maalim, Sheikh, Bibi, Mheshimiwa au Ndugu, kisha "wa baadu". Hivyo ndivyo walivyofanya waliopita, na hawakuwa wakavu.

Tena adabu ya kweli ya mwandishi ni kumhurumia msomaji. Mwaka 1879 kebo ya baharini iliunganisha Unguja na Aden, na kwa njia hiyo na ulimwengu. Jengo la kampuni ya simu lingalipo Shangani, siku hizi likiwa hoteli. Katika simu ya maandishi kila neno lilikuwa na bei yake, na bei hiyo alitoa mpelekaji. Kwa hiyo alifikiri kabla ya kuandika, akakata, akapima, akabakisha lililokuwa la lazima. Barua pepe haina bei kwa neno, na watu wamedhani kuwa haina gharama. Gharama ipo, imehama tu. Imetoka mfukoni mwa mpelekaji imeingia katika muda wa mpokeaji. Asiyefikiri dakika tano kabla ya kuandika humtoza msomaji dakika kumi za kufikiri kwa niaba yake, na akibonyeza "jibu kwa wote" pasipo haja, huwatoza watu arubaini. Kijana akifundishwa hilo atafahamu kuwa uwazi hautoki nje ya adabu: uwazi ni adabu iliyopiga hatua moja mbele ya salamu.

Mpinzani wa nne ni wa karibuni. Anasema kuwa tangu mwisho wa mwaka 2022 zimeenea programu zinazoandika barua zenyewe. Mwanafunzi aeleze anachokitaka, mashine itapanga. Jibu la mtu huyu limo ndani ya maneno yake mwenyewe: "aeleze anachokitaka". Hilo hasa ndilo lisiloelezeka. Mashine haijui kazi ilikabidhiwa siku gani wala kwa nani, haijui orodha ilibandikwa lini, haijui kama mwombaji anataka alama iingizwe au isahihishwe. Ikiambiwa "lile suala langu", italipamba "lile suala" kwa aya tatu za maneno laini, na upungufu utakuwa umevishwa kanzu ya Idi. Na asiyejua barua njema ina sifa gani atajuaje kuwa aliyoletewa na mashine ni njema? Tayari inawezekana mwombaji akamtumia mashine kurefusha, na mwombwa naye akamtumia mashine kufupisha. Mashine mbili zitakuwa zimesalimiana vizuri, na watu wawili hawajaonana hata robo.

Wapinzani wote wanne wana jambo moja wanalolificha au wasilolijua: kwao wenyewe deni hili si zito. Wana jamaa afisini. Haja yao hupita mdomoni, barazani, katika harusi, katika simu ya usiku. Anayeumia ni yule asiyejuana na mtu. Kijana wa Micheweni mwenye haja katika afisi ya mjini Unguja ana njia mbili: aandike, au apande boti. Akipanda boti, atalipa nauli ya kwenda na kurudi, atalala kwa jamaa au kwa fadhila za wageni, atakaa juu ya benchi nje ya mlango, ataambiwa arudi kesho kwa kuwa mhusika ametoka. Atakaposema neno lake litasemwa hewani. Wiki mbili baadaye hapana atakayekumbuka kuwa alifika. Akiandika barua iliyo wazi, neno lake limefika siku ile ile, lina tarehe, lina jina la aliyepelekewa, na haliwezi kukanwa. Wahenga walisema kuwa mali bila ya daftari huisha bila ya habari. Na haki pia ni mali. Afisi inayopenda kujuana haiogopi kitu kama barua fupi, yenye tarehe, inayouliza swali moja na kungoja jibu moja.

Ndiyo maana somo hili si la mapambo. Ushirika wa wanawake wakulima wa mwani unaojua kumwandikia mnunuzi kwamba kilo kadhaa ziko tayari, zimekauka kwa kiwango fulani, kwa bei fulani, mpaka tarehe fulani, hauhitaji tena kila neno lipite kwa dalali. Mgonjwa anayejua kuuliza kwa maandishi matokeo yake yatatoka lini haombi fadhila. Mwanafunzi anayejua kuomba barua ya sifa kutoka kwa mwalimu wake, akataja nafasi anayoiomba, siku ya mwisho na mahali pa kuipeleka, humrahisishia mwalimu kumwandikia vyema. Kwa kila mmoja wa hao, kuandika vizuri ni kuacha kuwa mwombaji wa mlangoni.

Basi ifundishwe vipi? Kwanza, isingojewe kompyuta. Skuli isiyo na umeme inaweza kuifundisha barua pepe kwa karatasi na penseli, kwa kuwa kinachofundishwa ni fikra na mpango wake. Kubonyeza kutajifunzwa kwa siku moja. Kenya vitabu vya Kiswahili vya sekondari vilikwisha kuiingiza barua pepe miongoni mwa tungo za kazi, na hapakuwa na maafa.

Pili, msahihishaji asiwe mwalimu peke yake. Mwanafunzi mmoja aandike ombi. Mwenzake aliye upande wa pili wa darasa, asiyejua chochote kuhusu jambo lile, alipokee na atende kilichoombwa bila ya kuuliza swali. Akiweza kutenda, barua imefaulu. Akilazimika kuuliza, kila swali lake ni kosa moja, na mwandishi airudie barua mpaka maswali yaishe. Hakuna kalamu nyekundu inayofundisha kama uso wa msomaji aliyekwama.

Tatu, kanuni ziwe chache na ziwe na sababu. Barua moja, jambo moja. Kwa kuwa mambo matatu katika barua moja hujibiwa moja na kusahauliwa mawili. Kichwa kiseme jambo lenyewe, kisiseme "Ombi" wala "Muhimu", kwa kuwa kila mwombaji huliona lake kuwa muhimu. Haja itajwe mara baada ya salamu, maelezo yafuate. Msomaji akishajua anaombwa nini, maelezo huyasoma kwa macho mengine. Majina ya vitu, tarehe na namba zichukue pahala pa "lile", "hiyo" na "bado". Kiambatisho kitajwe na kipewe jina linaloeleza kilichomo. Nakala apelekewe anayehusika tu, na nakala ya siri isitumiwe kumchongea mtu. Jina kamili liwe mwisho. Na iliyoandikwa kwa hasira ilale usiku mmoja kabla ya kupelekwa, kwani mshale ukishatoka haurudi upindini.

Barua ile ya mwanzo, kwa kanuni hizo, ingekuwa hivi. Kichwa: "Alama ya kazi ya pili ya Fonolojia haimo katika orodha". Na ndani yake:

"Maalim, assalamu alaykum. Naomba alama yangu ya kazi ya pili ya somo la Fonolojia iingizwe katika orodha. Kazi hiyo niliikabidhi afisini kwa idara Jumatatu, tarehe 4 Machi, na nakala yake nimeiambatisha. Katika orodha iliyobandikwa tarehe 18 Machi, mbele ya namba yangu pana nafasi tupu. Kwa kuwa orodha itafungwa tarehe 25, nitashukuru nikipata jibu kabla ya siku hiyo. Wassalaam."

Chini yake jina kamili, mwaka wa masomo na namba ya usajili. Barua hiyo haikuizidi ile ya kwanza kwa maneno mengi. Salamu imo, heshima imo, shukrani imo. Kilichozidi ni kwamba mwalimu anaweza kuimaliza kazi yake kabla chai haijapoa. Na kama hakuimaliza, mwanafunzi ana karatasi ya kuonyesha kwa mkuu wa idara. Kwa mara ya kwanza, aliyekosa si yeye.

Hapo ndipo somo linapokuwa kubwa kuliko lilivyoonekana. Kumfundisha mtoto kupanga barua ni kumfundisha kujiuliza maswali ambayo watu wazima wengi huyakimbia: nataka nini hasa? Nina haki nacho kwa dalili gani? Ni nani mwenye uwezo wa kunipa? Anahitaji kujua nini ili anipe? Asiyejiuliza hayo hawezi kuandika, na aliyejiuliza amekwisha kuandika nusu. Watunzi wa mitaala, mabaraza ya lugha na vyuo vinavyotoa walimu hawakosi wataalamu wala karatasi. Wanachokikosa ni kuamini kwamba jambo la kila siku linastahili kufundishwa kwa uzito wa jambo la mtihani.

Kasri ya Mtoni imebaki magofu, na waliomnyima Salme kalamu wamekwisha kwenda na hoja zao. Hapana leo atakayesimama hadharani akatetea kwamba mtoto afundishwe kusoma na asifundishwe kuandika. Lakini kila mwaka skuli humtoa kijana anayeweza kusoma kila barua aliyoandikiwa na asiyeweza kuandika ile inayomhusu. Aliyejiandikia juu ya mfupa wa ngamia hakungoja ruhusa. Kwa kuwa leo ruhusa ipo, na karatasi ipo, na mwalimu yuko mbele ya darasa, kinachongojewa ni nini?